Kiti Kisipoe

Fundi alipofika kwenye nchi ya watu kufungua duka la kushona nguo, kitu cha kwanza alichonunua hakikuwa cherehani. Kilikuwa kiti. Na kiti chenyewe hakikuwa cha yeye kukalia, wala cha wateja, lakini kwa mwaka mzima kilimtoa jasho kuliko gauni lolote alilowahi kushona.

Mambo yalianzia ofisi ya leseni, dirisha namba sita, kwa karani mmoja mwanamke aliyekuwa akitafuna penseli. Fundi alikuwa amebeba bahasha ya vyeti, picha nane za pasipoti, na barua ya kumsifia iliyoandikwa na bibi harusi aliyemshonea zamani. Karani hakuigusa bahasha.

"Kiti unacho?" aliuliza.

"Kiti gani, dada?"

"Cha mshirika."

Ndipo akaelezwa sheria, nami naieleza kama alivyoelezwa, msije mkasema natia chumvi. Mgeni anayefungua biashara kule lazima awe na mshirika mwenyeji. Zamani wenyeji walikuwa wakiazimisha majina yao tu, kisha wanabaki nyumbani wamejilaza. Serikali ikachukia, ikaamuru mshirika awe dukani, ameketi, saa zote za kazi. Wenyeji nao wakaja juu: ina maana mtu asiende hata chooni? Wakuu wakakaa vikao siku tisa, wakatoka na kanuni: mshirika anaruhusiwa kuinuka, ila kiti chake kisipoe. Mkaguzi akija, anaweka kiganja kwenye kiti. Kikiwa na joto, mshirika yupo. Kikiwa baridi hayupo, hata kama amesimama pale pale mlangoni anapunga mkono.

"Hamna kipimajoto?" Fundi aliuliza, maana hakujua aulize nini kingine.

"Kililetwa kimoja, kikaibwa," karani alisema. "Kiganja hakiibiki."

Ukaguzi ungekuwa mara nne kwa mwaka, siku isiyojulikana. Kiti kikikutwa baridi mara moja, onyo. Mara mbili, duka linafungwa na mgeni anarudi kwao. Mgeni akikikalia mwenyewe, hilo ni kosa la kujifanya mwenyeji, na anarudishwa siku hiyo hiyo. Akikikalia mwenyeji mwingine, basi huyo ndiye mshirika mpya na mwaka unaanza upya. Lakini mwaka ukiisha salama, mgeni anapewa leseni ya kudumu pamoja na kibali cha kumleta mtoto wake. Maelezo yalipofika hapo, Fundi aliacha kushangaa. Aliuliza viti vinauzwa mtaa gani.

Mtoto huyo alikuwa bintiye wa pekee, wa miaka minane, ambaye kila mtu alimwita Pindo. Tangu anatambaa alikuwa na tabia ya kukaa chini ya cherehani na kushikilia pindo la gauni la mama yake, na mama akitaka kuinuka ilibidi ambandue vidole, kimoja baada ya kingine. Siku ya safari aliyembandua alikuwa bibi yake. Baba mtu alikwishaoa kwingine na kuzaa kwingine, kwa hiyo tusimpotezee wino. Kwao Fundi nguo za kushonwa hazikuwa na soko tena. Watu walinunua zilizokwishavaliwa, zinazokuja kwa marobota. Aliambiwa kwamba kwenye nchi hii watu wana nguo nzuri lakini haziwakai, na hawana wa kuwarekebishia. Ilikuwa kweli. Nusu ya wanaume aliopishana nao barabarani walitembea wameshika suruali kwa mkono mmoja.

Watu wa kuwa washirika walijaa tele. Kazi ilikuwa kumpata anayejua kukaa. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja nadhifu, mwembamba mno. Akiinuka, kiti kinapoa kabla hajafika mlangoni. Wa pili aliletwa na mkewe, ameshikwa mkono. Alikuwa mzee mpana, mwenye mashavu yaliyoshuka, na kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuendesha lifti ya jengo la bima. Alikaa kwenye kigoda ndani ya sanduku la chuma akiwabonyezea watu vitufe, mpaka siku watu walipogundua kwamba wanaweza kubonyeza wenyewe. Mtaani walimwita Babu Lifti.

"Mchukue, mwanangu," mkewe alimwambia Fundi. "Tangu astaafu yuko sebuleni kwangu. Nikipita na sufuria ananiuliza ghorofa ya ngapi."

Fundi alimtazama mzee. "Unaweza kukaa kwa muda gani, babu?"

"Kwa chai au bila chai?"

Akamwandikisha siku hiyo hiyo.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye kioo kikubwa upande wa barabara, kwa sababu sheria ilitaka kiti kionekane kutoka nje. Cherehani ilikaa kushoto, meza ya pasi kulia, na katikati, kama mfalme, kiti chenye mto wa sponji uliovalishwa kitambaa kizito cha drili ya kahawia. Nyuma yake kulikuwa na kona yenye pazia ambapo wateja walijaribia nguo. Wiki ya kwanza Babu Lifti alikaa tu. Wiki ya pili alifunga kamba kwenye pazia. Mteja akiingia konani, mzee anavuta kamba, pazia linajifunga, naye anauliza kwa sauti ya kazini:

"Ghorofa ya ngapi?"

Wateja wa mwanzo waliona aibu. Kisha mwalimu mmoja wa kike akajibu, "Ya nne." Mzee akatulia kidogo, muda ule ule ambao lifti hutumia, akavuta kamba. "Ya nne. Angalia hatua." Yule mwalimu akatoka na sketi yake mpya, amenyoosha mabega kama aliyefika mahali. Kesho yake alirudi na wenzake watatu. Baada ya mwezi watu walikuwa wakitoka mitaa ya mbali kuja kupunguziwa suruali, na wengine suruali zao hazikuwa na kasoro yoyote. Walitaka kupanda tu. Fundi hakuipenda biashara ya namna hiyo, yeye alijivunia mshono wake, lakini alishona alichopewa.

Kila Jumapili alipiga simu nyumbani. Pindo hakuwa mtu wa salamu ndefu.

"Kiti kina joto, mama?"

"Kina joto."

"Umekishika?"

"Nimekishika, mwanangu."

Baada ya hapo bibi mtu alichukua simu na kusoma vipimo. Alimpima mjukuu wake kwa uzi wenye mafundo, na Fundi alikuwa akimshonea Pindo gauni la bluu kwa vipimo hivyo. Lilining'inia ukutani karibu na cherehani. Kila mwezi alilifumua ubavuni na kuliongeza, maana kila mwezi uzi wa bibi ulirefuka.

Mkaguzi alikuja mara ya kwanza bila kubisha hodi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyevaa glavu mkono wa kulia peke yake ili kiganja kisije kikadanganywa na jua. Kiganja hicho kilikuwa na cheti chake, chenye mhuri, na alitembea na cheti hicho mfukoni, ndani ya plastiki. Alimwomba Babu Lifti ainuke, akavua glavu, akaweka mkono kwenye mto, akahesabu mpaka kumi midomo ikicheza.

"Joto," alisema, akaandika, akavaa glavu.

"Mimi si nilikuwa nimekaa hapa ukiniona?" Babu Lifti aliuliza.

"Kuona si kazi yangu," Mkaguzi alijibu, akaondoka bila kutupia jicho hata nguo moja.

Mara ya pili mambo yaliharibika. Mwisho wa mtaa palikuwa pamefunguliwa jengo la ghorofa kumi na mbili, na asubuhi moja Babu Lifti aliaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu. Akapotea mpaka saa tisa. Mkaguzi alikuja saa tano. Alihesabu mpaka kumi, akahesabu tena kwa huruma, kisha akabandika onyo jekundu katikati ya kioo cha kujitazamia. Mzee aliporudi alimkuta Fundi amesimama mbele ya lile onyo, uso wake umekatwa vipande viwili na karatasi.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye lifti yao. Hamna mtu ndani, Fundi. Inakwenda yenyewe. Ghorofa inatajwa na sauti ya mwanamke, na mwanamke mwenyewe hayupo. Nilimsahihisha mara mbili, hasikii." Akaketi, na mashavu yake yakaanza kulowa. "Nilipanda na kushuka mpaka wakanitoa."

Fundi alimwonea huruma na alitaka kumkaba koo, vyote kwa wakati mmoja. Hakufanya hata kimoja. Alilishusha gauni la bluu ukutani akalitandaza kwenye magoti ya mzee, akamweleza ni la nani na kiti kina uhusiano gani nalo. Miezi yote waliyokaa humo hakuwahi kumwambia, kwa kuwa alidhani ni mambo ya nyumbani kwake na hayamhusu mtu. Babu Lifti aliligeuza geuza lile gauni kwa muda mrefu.

"Sikujua kama tunakwenda mahali," alisema. "Nilidhani tumekaa tu."

Jumapili ile Pindo aliuliza kama kiti kina joto, na Fundi akasema kina joto. Alipoulizwa kama amekishika, akasema mtandao unasumbua. Alikaa na simu mkononi akijichukia.

Kuanzia hapo Babu Lifti alikaa kama aliyegundishwa. Chakula alikula pale pale. Chooni alikwenda mbio na kurudi mbio, mtu mpana namna ile, mpaka wateja wakajifunza kumpisha. Ukaguzi wa tatu ulipita. Miezi ikakatika, ukabaki wa nne, na wa nne haukuja, haukuja, mpaka ikafika siku ya mwisho kabisa ya mwaka wao, na Mkaguzi bado hajaonekana.

Saa nane mchana mlinzi wa lile jengo jipya aliingia akihema.

"Babu, lifti imekwama. Katikati ya ghorofa ya saba na ya nane. Watu sita ndani. Fundi wa lifti yuko mji mwingine, anafika jioni."

Babu Lifti alishika mikono ya kiti kwa nguvu. "Siinuki."

"Kuna mtoto mdogo humo, babu. Analia, hataki kunyamaza."

"Nimesema siinuki. Muulize huyu kwa nini." Na akamtazama Fundi kwa macho ya kuomba, lakini haikujulikana anaomba aruhusiwe au azuiwe.

Fundi alitazama gauni, akatazama saa. Alitamani sana mlinzi asingelitaja lile la mtoto, na alimchukia kwa kulitaja.

"Nenda," alisema. "Robo saa, babu. Nakuomba."

Robo saa ilipita, ikapita ya pili. Alipochungulia kwa kioo, Fundi alimwona Mkaguzi ng'ambo ya barabara, ndani ya duka la fundi saa, ameinama, amempa mgongo, midomo yake bila shaka iko kwenye nne au tano. Fundi akagusa kiti cha Babu Lifti. Baridi kama kaburi.

Alitaka kukikalia, akakumbuka sheria. Hapakuwa na mteja, na mteja angeanzisha mwaka mpya. Akasimama katikati ya duka lake mikono kichwani. Kisha macho yakatua kwenye pasi, na mkono wa mtu wa miaka ishirini kwenye ushonaji ukafanya kazi bila kumuuliza. Kanuni zilikuwa zimekataza kiti kupashwa joto na mgeni, mwenyeji mwingine, jua, maji ya moto na paka. Pasi hazikuitaja popote. Alitandika kitambaa juu ya mto wa kiti, akanyunyiza maji, akapiga pasi kiti cha mshirika kama anavyopiga kola ya bwana harusi, kuanzia pembeni kuja katikati. Kutoka nje alionekana fundi anayefanya kazi yake.

Simu ikalia. Ilikuwa Jumatano, si siku ya simu.

"Mama, leo si ndiyo siku ya mwisho?"

"Ndiyo leo, mwanangu."

"Kiti kina joto?"

"Kina joto."

"Umekishika?"

Safari hii hakuweza kusema uongo. Aliiacha pasi ilipo, akazunguka kiti, akashika mto ubavuni. "Nimekishika. Kina joto kabisa. Lala salama," akasema, mchana kweupe, na ndipo aliposikia harufu.

Pasi alipoiinua, drili ilikuwa imeungua kwa umbo lake lile lile, lenye ncha mbele, na sponji chini yake inatoa moshi. Mkaguzi alikuwa tayari mlangoni anavua glavu.

"Mshirika ametoka," Fundi alisema.

"Sikuuliza," Mkaguzi alisema, akaweka kiganja.

Kufika mbili macho yalimtoka. Kufika tatu alivuta pumzi kwa meno. Lakini kanuni inasema kumi, naye alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, hakuwahi kukatisha hesabu. Fundi alimwambia atoe mkono. Akamsihi atoe mkono. Alifika kumi, akatoa mkono, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila kulia. Fundi alimkimbiza kwenye ndoo, akakizamisha kile kiganja chenye cheti kwenye maji, akakaa amekishikilia humo, wote wawili wamechuchumaa.

"Hili si joto la mtu," Mkaguzi alisema hatimaye.

"Si la mtu."

"Ungenidanganya, ningeuandika uongo huo."

"Najua. Fomu ina sehemu ya joto lililozidi?"

Mkaguzi alifikiri kwa uaminifu. "Haina. Ina joto na baridi." Akaikunjua kwa mkono wa kushoto juu ya goti lake, akaisoma toka juu mpaka chini, na kidole kikasimama mahali. "Hapa kuna mtoto. Miaka minane."

"Tisa."

"Imeandikwa minane."

"Alikuwa na minane."

Mkaguzi aliweka alama kwenye joto, akasaini kwa mkono wa kushoto, mwandiko umepinda kama wa mtoto wa chekechea. Fundi alimfunga kiganja kwa kitambaa cheupe cha pamba, akakishikiza kwa mishono midogo midogo isiyoonekana. Kutokana na mazoea, akakata uzi kwa meno.

Babu Lifti alirudi saa kumi na moja, shati limetoka nje, amebebwa na furaha. Watu sita walikuwa wakibonyeza vitufe vyote kwa pamoja tangu saa saba, alieleza. Yeye aliwaambia kupitia ufa wa mlango watoe vidole vyote, kisha abonyeze mtu mmoja, ghorofa moja, na asubiri. Ikashuka. Yule mtoto alimpungia mkono. Alikuwa katikati ya maelezo alipokiona kiti, akasimama.

"Nani alikikalia?"

"Pasi," Fundi alisema, na akacheka mpaka akalia, au alianza na kulia, mwenyewe hakumbuki.

Leseni ya kudumu haikuhitaji mshirika. Kisheria Babu Lifti angeweza kubaki sebuleni kwake kuanzia siku iliyofuata. Fundi alikata kiraka cha bluu kutoka kwenye kitambaa kilichobaki cha gauni la Pindo, akalishona lile tundu, na Jumatatu saa mbili asubuhi mzee alikuwa amekikalia, kamba mkononi.

Kibali kilichukua miezi minne. Pindo alipofika, Fundi alimpokea kituoni, na njia nzima walizungumza kama wageni waliokutanishwa kwenye foleni: safari ilikuwaje, bibi hajambo, umekula. Fundi aliumia. Mtoto alikuwa mrefu. Gauni la bluu alilotumiwa kwa safari lilikuwa limemwishia juu ya magoti.

Dukani alisimama mlangoni na begi lake, haingii wala hatoki.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Babu Lifti akamtazama toka kichwani hadi miguuni. "Ghorofa ya ngapi?"

Pindo akamgeukia mama yake, akaona hapati msaada, akafikiri peke yake.

"Hapa hapa," alisema.

Babu Lifti akainuka. Saa za kazi, hana safari ya chooni wala ya mahali popote, akainuka na kusogea pembeni. "Basi kaa."

Pindo hakukaa. Aliweka begi chini, akakiendea kiti, akalaza kiganja juu ya kile kiraka, na midomo yake ikaanza kuhesabu. Alihesabu mpaka kumi, hakuruka hata moja.

"Kina joto," alimwambia mama yake, kama vile mama yake hajui, kisha akakikalia.

Fundi alipiga magoti mbele yake. Alijaza pini mdomoni, ingawa hakuzihitaji, ili asitakiwe kusema chochote, akaanza kufumua gauni upande wa chini alikokuwa ameacha vidole vinne vya kitambaa. Uzi ulikuwa mgumu. Akataka kuinuka afuate mkasi mezani, akashindwa. Alipotazama chini aliona mkono wa mtoto umeshuka ubavuni mwa kiti na kushika pindo la gauni lake yeye, vidole vyote vitano. Hakumbandua.

Mkasi aliuleta Babu Lifti.